"Bado" Niliyomjibu Daktari Ilimnyima Bi Somoe Sauti

Nimechoka kulizunguka kosa hili, kwa hiyo naanza nalo. Nilidanganya kwa neno moja tu ndani ya chumba cha upasuaji, na mwanamke aliyenifundisha utu uzima akatoka humo bila sauti. Daktari hakukosea. Nilikosea mimi. Mimi!

Wengi wamelaumiwa kwa jambo hili. Hata mashine imelaumiwa, maskini, kitu kisicho na mdomo wa kujitetea. Mwenye mdomo nilikuwa mimi, nikaufunga. Jina langu sitalitaja, wala hospitali, wala jina halisi la mama huyo. Nitamwita Bi Somoe, maana kwetu kusini kina Somoe wamejaa kila uchochoro. Watu wa kwetu watanijua tu wakisoma. Na wanijue.

Mimi ni nesi wa dawa za usingizi, Mtwara mjini. Ukija kupasuliwa, uso wa mwisho unaouona kabla hujalala ni wangu, na wa kwanza ukiamka ni wangu. Dawa zangu zina kazi tofauti. Kuna ya kukulaza, kuna ya kuzima maumivu, na kuna ya kulegeza misuli. Hii ya mwisho ndiyo iliyoleta msiba, kwa hiyo iweke akilini. Ukichomwa hiyo, mwili wote unalegea kama mlenda. Hata kupumua huwezi, mashine ndiyo inakupumulia. Madaktari wanaipenda kwa sababu mgonjwa anatulia tuli wakakata kwa raha zao.

Na wagonjwa wangu walikuwa wanatulia, wacha bwana! Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Daktari akiingia anauliza, "Leo usingizi wa nani?" Akiambiwa ni wangu anasema, "Basi leo tumepona." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi langu nililitia maji mpaka likawa maji matupu. Mgonjwa akitikisa hata bega, sikuhangaika kujiuliza usingizi wake umepungua wapi. Mkono wangu ulikuwa ushafika kwenye bomba la sindano. Legeza! Tulikuwa na utani wetu humo thieta: "Akigoma, mlegeze." Tulicheka sana na huo utani. Leo nikiukumbuka naona aibu.

Sasa nikueleze Bi Somoe alikuwa nani.

Alikuwa nyakanga, mkuu wa unyago wa wasichana, kule Kitaya kando ya mto Ruvuma, nilikozaliwa. Ndiye aliyenicheza mimi, yaani aliyenitia unyagoni. Tuliyofundishwa ndani hayasemwi, lakini sauti yake haikuwa siri ya mtu. Akianza wimbo uani kwake, wanawake wanaolima mpunga bondeni wanaitikia. Watu walikuwa wanatania kwamba hata Wamsumbiji ng'ambo ya mto wanajua nyimbo zetu kwa sababu yake, hawajalipa hata kiingilio. Hakuwa na kitabu wala redio. Nyimbo zote zilikuwa kooni mwake, na ndani ya nyimbo ndimo kulikuwa na mafundisho yote ya mwanamke wa kwetu.

Na kooni humo humo ndimo lilimoota rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo.

Lilianza dogo, mimi nikiwa bado sijaolewa. Alilifunika kwa mtandio, likakua, akabadilisha mtandio, likazidi kukua. Mwisho likawa linamkaba akilala chali, anaamka ametoa macho. Hapo ndipo ikatangazwa kambi ya madaktari bingwa kutoka Dar, wanakuja hospitalini kwetu kupasua wagonjwa wa namna hiyo. Nikampigia simu siku hiyo hiyo.

"Bibi, njoo. Wamekuja wanaojua kazi."

"Rovu langu nnalijua, tumezoeana," akanijibu. "Ninachoogopa ni nkono wa ntu. Wasije wakankata sauti, mwanangu. Mie bila sauti ni nini?"

Nikamweleza kwamba safari hii wamekuja na mashine ya kulinda sauti, inayolia daktari akigusa mshipa wa sauti ili asiukate. Nikamwambia pia kwamba atakayemlaza ni mimi.

"Ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi nnakuja. Nikipona, likizo ya shule nnamcheza na huyo ntoto wako."

Umeona? Hakuja kwa sababu ya bingwa wala ya mashine. Alikuja kwa sababu yangu.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mpole, na viatu vyake vya thieta alikuja navyo mwenyewe kutoka Dar. Asubuhi kabla ya kuanza akatukusanya sote. Akatuonyesha mpira wa kupumulia ulio na nyaya, ambazo zinakaa palepale kwenye nyuzi za sauti. Yeye atakuwa na kijiti cha umeme mdogo. Akigusa mshipa wa fahamu ulio mzima, misuli ya sauti inashtuka, nyaya zinahisi, na mashine inalia tii! Akigusa kitu kingine inanyamaza.

Kisha akanigeukia mimi.

"Sista, hapa nakutegemea wewe. Misuli ikilegezwa haitashtuka, na mashine itanyamaza hata nikigusa mshipa wenyewe. Tumia ile dawa fupi ya kuingizia mpira, inayoisha upesi, basi. Baada ya hapo hakuna kulegeza. Akisumbua, ongeza usingizi, usilegeze. Na ukiwa umelegeza kwa sababu yoyote ile, niambie. Nitasubiri iishe, sina haraka."

Akanipa na kifaa kidogo cha kufunga kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Ukibonyeza, kidole gumba kinacheza. Kidole kikicheza ujue dawa imeisha mwilini. Kikilala, bado ipo.

Maelekezo mazuri kabisa, mtoto wa darasa la saba angeyaelewa. Lakini mimi yaliniingia vibaya. Alinielekeza mbele ya manesi wenzangu na wanafunzi, mimi ambaye nilikuwa nalaza watu yeye akiwa bado anavaa sare za sekondari! Nikaitikia, "Sawa, Dokta." Moyoni nikasema, huyu anafundisha samaki kuogelea. Na kwenye trei yangu, pembeni, nikavuta bomba la ile dawa ndefu ya kulegeza, inayokawia mwilini, nikaliweka. La akiba. Ndivyo nilivyozoea.

Bi Somoe akaletwa. Alikuwa anasoma dua kwa sauti, manesi wakasimama kumsikiliza, maana hata dua yake ilikuwa na mahadhi. Akanishika kiganja. Nikamwambia, "Haya bibi, vuta pumzi ndefu." Akalala katikati ya aya. Sauti ile sikuisikia tena.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri mno. Daktari anagusa, mashine tii! Anagusa tena, tii! Tukacheka wote, kama watoto na filimbi ya sikukuu. Rovu upande huo likatoka, mshipa ukabaki salama. Akahamia kushoto, ambako ndiko lilikokuwa kubwa na limezunguka kila kitu.

Hapo presha ya Bi Somoe ikaanza kushuka. Nikapunguza hewa ya usingizi ili presha ipande. Hilo halikuwa kosa, kila mmoja angefanya hivyo. Kosa ni kwamba niliipunguza nikaisahau, nikaanza kumnong'oneza nesi aliyekuwa jirani yangu maneno ya kumsema daktari. Bi Somoe akakohoa. Kisu kikiwa shingoni!

"Sista!" Daktari akaondoa mikono juu. "Mgonjwa anaamka! Usingizi vipi huko?"

Thieta nzima ikanigeukia. Mwanafunzi mmoja akatazama chini kama anayenionea huruma, na ile huruma yake iliniuma kuliko matusi. Mimi, mgonjwa wangu anatikisika? Mbele ya wageni kutoka Dar?

Nilifungua hewa ya usingizi, ndiyo. Lakini inachukua muda kidogo kufika, na mimi nilitaka atulie hapo hapo. Mkono ukaenda kwenye bomba la akiba. Nikasukuma. Sikusukuma kidogo.

Bi Somoe akatulia tuli.

"Asante, Sista," daktari akasema. "Sasa tuko vizuri."

Mungu anisamehe, ile asante ilikuwa tamu! Niliipokea kama nimeistahili. Na ile sindano sikuitaja wala sikuiandika popote.

Haukupita muda mrefu, daktari akainama, akaweka kile kijiti mahali. Kimya. Akakiweka tena. Kimya. Akamwambia msaidizi akague nyaya, zikakutwa nzima. Akakaa kidogo anafikiri, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Sista, dawa ya kulegeza, bado?"

Nami nikajibu, "Bado, Dokta."

Wewe unayesoma unalijua neno hili. Ukimuuliza mtu aliye mlangoni, "Mvua bado?" naye akakujibu, "Bado," wewe huelewi kama haijaanza au haijakata mpaka uchungulie mwenyewe. Daktari aliuliza kama dawa bado sijatoa. Mimi nikajibu, na moyoni nikajiambia nimesema kweli, maana dawa bado ilikuwemo mwilini. Nililichagua neno lile nikijua lina milango miwili. Nilimsukumia daktari atokee wa mbele, mimi nikajificha wa nyuma.

Angeweza kutazama kidole gumba, utasema. Hakuweza. Mkono ulikuwa chini ya kitambaa cha kijani, upande wangu. Nilikibonyeza kile kifaa taratibu, kidole kikalala kama cha maiti. Nikakivuta kitambaa kikafunika zaidi.

"Kama bado, basi huu si mshipa," daktari akasema peke yake. "Rovu limevuruga kila kitu hapa. Huu ni uzi wa nyama tu."

Akaufunga. Akaukata.

Nilikuwa nimesimama kichwani kwa Bi Somoe, kati ya mdomo wangu na sikio la daktari hata hatua moja haifiki. Neno "Subiri" lingetosha. Tungengoja nusu saa, labda na zaidi, dawa ingeisha, kidole kingecheza, mashine ingelia. Daktari alikwisha kusema hana haraka! Lakini ningesema subiri, angeniuliza kwa nini. Na ningesema kwa nini, wangejua kwamba mgonjwa wangu hakutulia kwa ufundi, alitulia kwa mimi kukaidi amri. Kwa hiyo nilinyamaza ili nisiaibike mbele ya watu sita ambao wengine hata majina yao siyakumbuki tena!

Mwisho wa upasuaji nikampa Bi Somoe dawa ya kuiondoa ile ya kulegeza, nikangoja mpaka kidole kikacheza vizuri. Sasa nilikuwa mwangalifu, unaona? Nikatoa mpira. Akapumua. Akafungua macho, akanitafuta, akaniona, akatabasamu.

"Bibi, taja jina lako."

Akafungua mdomo ukatoka upepo. Upepo tu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Akajaribu tena, akashika shingo. Akanitazama tena, na safari hii hakutabasamu.

Daktari akachungulia kooni kwa kamera. Uzi wa sauti wa kulia ulikuwa unacheza. Wa kushoto umelala. Akasema huenda ni uvimbe, tusubiri. Lakini niliona rangi yake imebadilika.

Baadaye akanikuta chumba cha kubadilishia nguo. Akauliza kwa upole, wala hakuniuliza kama mshtakiwa.

"Sista, nikumbushe. Nilipokuuliza, hukuwa umetoa?"

Mlango huo nilifunguliwa mara ya pili. Ningetoka hapo na kubaki binadamu. Nikasema, "Nilikujibu palepale, Dokta. Nilisema bado."

"Kweli. Ulisema bado." Akakaa kwenye benchi na viatu vyake vya thieta, mikono magotini. "Basi ni macho yangu. Ni mimi."

Akatoka akaenda mwenyewe kwa Fatu, binti mkubwa wa Bi Somoe, aliyekuwa anangoja nje na chupa ya uji. Akamwambia kwamba huenda amekata mshipa wa sauti wa mama yake, na kama ni hivyo kosa ni lake. Hakumsingizia mtu. Nilimsikia kupitia dirishani nikiwa nafunga kilemba changu vizuri mbele ya kioo. Kilemba!

Sauti haikurudi. Miezi ikapita, ikabaki ile pumzi yenye mikwaruzo, inayokatika katikati ya neno. Na kwa kuwa uzi ule ulibaki wazi, maji na uji vikawa vinampalia. Akinywa, anakohoa. Akila, anakohoa. Alianza kula peke yake nyuma ya nyumba, kwa aibu.

Kijijini wakasema yao. Wengine wakasema karogwa. Wengine wakasema mashine ya Dar imemnyonya sauti imeipeleka redioni. Unaweza kucheka, mimi sicheki. Kuna mama mwingine Kitaya mwenye rovu kubwa kuliko la Bi Somoe, naye kaapa hatakanyaga hospitali mpaka azikwe. Nikikutana naye njiani ananionyesha shingo yake na kutikisa kidole. Huyo naye ni mzigo wangu.

Na daktari? Nilisikia kwa mwenzangu wa Dar kwamba ameacha kugusa shingo za watu. Anafanya kazi nyingine. Bingwa mzima!

Mimi huku nyumbani nikawa silali. Mume wangu anauliza, "Una nini?" Namwambia presha. Thieta nikawa kila nikishika sindano nairudisha kwenye trei, mpaka nikaomba nihamishwe. Sasa niko kliniki ya watoto, napima uzito. Wenzangu wanadhani nimechoka na zamu.

Likizo ya shule ikafika. Nilitumaini Bi Somoe amesahau ahadi. Nyakanga hasahau. Akamtuma Fatu: mwambie alete mwali wake, na yeye mwenyewe aje, nina kazi naye.

Nilipofika akanikalisha karibu yake mkekani.

"Sauti sina," akaninong'oneza. "Lakini nyimbo ninazo. Mie nnakutia sikioni, wewe unazitupa nje. Nilikucheza mwenyewe, utaziweza."

Ningekataaje? Siku zote za ngoma ya binti yangu nilikaa ubavuni mwake. Ananitia maneno sikioni kwa ile pumzi yake, nami nayaimba kwa sauti yangu, wanawake wanaitikia. Watu wakanisifu! Wakasema angalia, mtu kasoma na hajaacha mila, amekuwa mdomo wa nyakanga wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya kumtoa mwali, adhuhuri, jua limewaka uani, vigelegele kila upande, akanivuta tena sikio. Wimbo sikuujua. Ulikuwa wa Kimakonde, nikiugeuza ni hivi: aliyeuficha mchi, kinu kinamwita kwa jina. Nikautupa nje. Wanawake wakaitikia, kinu kinamwita! Nikaimba tena, sauti yangu ikapasuka. Binti yangu, amevalishwa shanga, akanitazama akidhani nalia kwa furaha.

Ngoma ilipopoa tukakaa barazani. Fatu akatuletea uji. Bi Somoe akanywa kidogo, akakohoa mpaka machozi, nikampapasa mgongo. Alipotulia akanishika kidevu, akanigeuza uso kama nilivyogeuzwa nikiwa mwali.

"Tangu siku ile huntazami. Ulinilaza wewe, ukaniamsha wewe. Umeshanieleza yote?"

Wanawake walikuwa wanapita, mtoto wangu yuko palepale, siku yake ilikuwa imependeza.

"Bado, bibi," nikasema.

Hakukasirika. Akaniachia kidevu. "Haya. Nnangoja."

Nilirudi mjini nikijiapiza: mwisho wa mwezi naenda. Mwisho wa mwezi ukafika na visingizio vyake. Kisha mvua zikafunga barabara, nikashukuru, ndiyo, nilishukuru! Mvua zikiwa bado hazijakata Fatu akapiga simu. Mama kifua kimembana. Uji na maji yaliyokuwa yanapita njia ya hewa yalikuwa yameozesha mapafu. Nilipopata usafiri wa kufika, nilikuta amekwisha kufunikwa.

Alikufa ananingoja.

Nilimwosha pamoja na wanawake wengine. Kovu la shingoni lilikuwa limepona vizuri, jembamba, kazi safi ya daktari. Nilipitisha maji pale taratibu. Hata hapo sikusema.

Wiki hii ndiyo nimepata ujasiri, sijui umetoka wapi. Nilitafuta namba ya yule daktari nikampigia. Nikamweleza kila kitu: bomba la akiba, kitambaa, kidole gumba. Nikasikia anavuta pua.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Amefariki, Dokta."

Kisha akauliza, "Watoto wake wanajua?"

Na mdomo wangu huu, uliozoea, ukasema, "Bado."

"Bado ipi, Sista?" akasema. "Bado ipi?"

Akakata simu. Hajapokea tena.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe mwenzangu unayesimama kichwani kwa mgonjwa: ukikosea, sema mgonjwa akiwa bado mezani. Aibu ya mbele ya watu sita inaisha ukivua kofia ya thieta. Hii ya kwangu haina mahali pa kuvuliwa. Mgonjwa akitikisika usimlegeze ili wewe usifiwe. Na mtu akikuuliza jambo la uhai wa mtu, usimjibu kwa neno moja. Mjibu kwa sentensi nzima, yenye mtendaji na kitendo chake: nimempa dawa, mimi, sasa hivi. Wewe usiye wa hospitali nawe usijitoe. Najua una "bado" yako mahali, umeikalia.

Naijua sheria. Kazi inaweza kwenda, leseni inaweza kwenda, pengine na mimi nikaenda ninakostahili. Sitaki mtu anionee huruma.

Jumamosi nakwenda Kitaya. Fatu atanipokea vizuri kama kawaida yake, atanitandikia mkeka palepale barazani, ataniuliza, "Dada, umeshakula?" Kwetu jibu la swali hilo kila mtu analijua, na chakula kinakuja. Mimi nitamwambia: Fatu, usinipakulie kwanza. Mimi ndiye niliyemnyamazisha mama yako.